Uzi maalumu: Mnaotaka kujifunza kucha hapa Mwanza, pitieni hapa kabla hamjatoa ada

kucha_za_nyegezi (mleta uzi)

Habari za saivi wakuu. Nimeona nifungue uzi mmoja tu maana inbox imejaa swali lile lile, dada nataka kujifunza kucha, Mwanza wanafundisha wapi, ada bei gani, nitaiva kwa muda gani. Kumjibu mmoja mmoja siwezi, saa zote mikono imejaa vumbi la msasa. Mi nafanya hii kazi pande za Nyegezi, wateja wangu wengi wanachuo wa SAUT na wadada wa maofisini wanaopitia wakishuka stendi, boom (hela ya mkopo wa wanachuo) likitoka unaweza usipate hata muda wa kula, boom likiisha unakaa unasafisha brashi na kuangalia watu wanapita. Kwaiyo haya ni ya mtu aliye kazini. Sina darasa, sifundishi mtu, msinitumie hela.

Langu kubwa ni moja. Watu wanatoa ada ili wafundishwe michoro. Unaona video mtu anachora ua, anabandika vijiwe, anamwagia unga wa kung'aa, unasema hii ndo kazi nayoitaka. Michoro utajifunza mwenyewe usiku ukiwa na bando na mkono wa plastiki. Hela ya kufundishwa ipeleke kwenye vitu viwili ambavyo hakuna mtu anavipiga picha, kuandaa kucha na kuondoa kucha. Ukimkuta mwalimu ambaye wiki ya kwanza anakupa rangi uchore, huyo anakufurahisha tu.

Kuandaa maana yake nini. Mteja kakaa, umenawa na yeye kanawa, umepuliza spiriti, unasukuma ngozi ya shina la kucha taratibu kurudi nyuma. Sasa pale chini yake kuna kangozi kengine kembamba sana kanang'ang'ania juu ya kucha yenyewe, hukaoni mpaka uanze kukakwangua katoke kama ungaunga mweupe. Kakibaki hako, jeli yako (rangi inayokaushwa kwa taa) imekaa juu ya ngozi, haijakaa juu ya kucha, na ngozi inahama, ndo maana siku chache mbele inanyanyuka kuanzia shinani. Ukishakatoa unachukua msasa namba 180 au laini zaidi unatoa ule mng'ao tu basi, unapita mara moja moja, husagi. Namba 100 ni ya akriliki (unga na likwidi wa kujengea kucha) na tipu (kucha za plastiki za kubandika), ukiishusha kwenye kucha ya mtu umeimaliza. Alafu vumbi, jamani vumbi, litoke mpaka kwenye zile kona mbili za pembeni. Unakausha mafuta, unapaka primaa kidogo ya kushikisha jeli, unasubiri, unaweka besi (tabaka la kwanza la jeli) nyembamba mno na husogei kwenye ngozi. Ikigusa ngozi futa kwa kijiti kabla mkono haujaingia kwenye taa, ikishakauka imekauka. Na kidole gumba kikaushe peke yake, mteja akitumbukiza vidole vyote vitano gumba linalala ubavu mwanga haulipati vizuri. Ukiruka haya, hata ukimchorea lile jiwe la ziwani, Bismarck Rock, na jua linazama nyuma yake atarudi wiki hiyo hiyo kashika kucha mkononi anadai hela yake, na mbele ya wateja wengine.

Kuondoa ndo usiseme. Hapa mjini watu wanabanduliwa kucha kwa kuchokonolewa na tipu nyingine, unasikia ta, na tabaka la kucha yake limeondoka nayo. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwaiyo ile uliyoiharibu leo mteja ataishi nayo karibu nusu mwaka mpaka itoke yote, na kila akiiangalia anakukumbuka wewe. Kuondoa kwenyewe ni unapunguza topu (tabaka la juu) kwa msasa, pamba yenye asetoni, unafunga na foili, jeli dakika 10 hadi 15, akriliki inaweza kwenda nusu saa, ikigoma unarudishia pamba nyingine. Husukumi kwa nguvu. Mteja ana haraka? Aje kesho.

Sasa wapi. VETA Nyakato (chuo cha ufundi cha serikali) kwa anayetaka njia rasmi, nenda ofisini kwao uliza kama wana fani ya ususi na urembo, kucha huwa kipande ndani yake, na kozi fupi gani wamefungua kipindi hicho. Faida yake unatoka na cheti kinachotambulika. Njia ya pili ndo tuliyopita wengi, kwenda kwa fundi mwenye saluni, unalipa unakaa nae. Hii ni nzuri kama fundi ana wateja kweli, na ni mbaya kuliko zote kama hana, maana utafagia, utachota maji, utabeba mtoto wake, mwisho unapewa cheti kimeprintiwa stationari. Kabla hujatoa hata shilingi muulize, nitafanya mikono mingapi ya watu hai? Vifaa vya kujifunzia ni vyako au vyangu? Kuondoa unafundisha siku gani? Akianza kuzunguka, aga vizuri uondoke. Na mwombe ukae pale siku nzima ukimtazama tu kazini bila kulipa. Fundi mwenye kazi hawezi kukukatalia.

Karibuni, ulizeni.

Ngosha_Igoma

Mi nicheke kwanza. Kupaka kucha nako kuna ada? Si wale vijana wa vikapu pale Makoroboi wanapaka mama zetu kila siku kwa buku mbili na hakuna aliyeenda darasani. Dunia imeisha.

kucha_za_nyegezi

@Ngosha_Igoma kaka yangu wale vijana usiwachukulie poa, kupaka rangi ya kawaida mstari ukanyooka huku mteja kasimama anauza nyanya sio mchezo, na wengine wanakunja hela kuliko sisi tunaolipa kodi ya fremu. Wamefundishana wenyewe kwa wenyewe, hiyo nayo ni shule. Ninapogombana nao ni wembe. Kijana anakwangua magaga ya huyu, anapangusa na kitambaa, anahamia kwa yule. Akimkata mtu hata kidogo je? Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Na mama mwenye sukari ukimjeruhi mguuni unaweza kumtafutia kidonda kisichopona. Hayo ndo ya kufundishwa.

Ngosha_Igoma

Haya hapo kwenye wembe umenikamata. Naendelea kusoma kimya kimya.

Mama_Wawili_Buhongwa

Hamjambo wanangu. Nina binti kamaliza form four, matokeo hayakuwa mazuri, anasema anataka kucha. Baba yake anasema huo ni uhuni, anataka arudie mitihani. Mimi niko katikati. Huyo fundi aliyempata huku kwetu anataka ada yote mwanzoni na anasema baada ya mwezi mtoto ameiva. Nimwamini?

kucha_za_nyegezi

Shikamoo mama. Kwanza usitoe ada yote mwanzoni, gawanya, nusu akianza na inayobaki akiwa ameweza kitu unachokiona kwa macho yako, mfano akufanyie wewe mikono yako, ukae nayo ukifua, ukipika, uone. Kama wiki mbili zimepita na umesonga ugali na hazijanyanyuka basi mtoto kafundishwa. Mwezi mmoja anaweza kuiva kwenye rangi ya jeli kama anashika mikono ya watu kila siku. Akriliki mwezi hautoshi, akriliki inataka mkono uzoee. Unachovya brashi kwenye likwidi, unagusa unga, kinatoka kitonge, kikiwa na maji mengi kinatiririka mpaka kwenye ngozi, kikiwa kikavu kinakatika kabla hujakitandaza, na una dakika chache tu hakijakauka. Hakuna mtu anaweza kukuelezea kwa mdomo kitonge kizuri kikoje, unakifanya mpaka siku moja mkono unajua wenyewe.

Kuhusu baba, mama mi nashauri msimpinge. Arudie mitihani kama private na kucha ajifunze, muda unatosha. Na mpelekeni akaulize VETA, baba akisikia jina la VETA huwa analainika, chuo cha serikali kipo kwa sheria tangu 1994, sio mtaani tena.

Mama_Wawili_Buhongwa

Marahaba mwanangu. Hilo la kugawanya ada sikuliwaza. Wabeja sana.

nesi_wa_zamu

Naomba niweke la kitaalamu kidogo maana naona vidole vinaletwa hospitali. Wasichana wanaojifunza wanashika jeli mbichi kwa mikono mitupu siku nzima. Ndani ya jeli nyingi kuna kitu kinaitwa HEMA, ikigusa ngozi mara kwa mara ikiwa haijakauka mwili unaweza kuikataa, unaanza kuwashwa kwenye ncha za vidole, vinapasuka, kwa mteja kucha inaweza kuachana kabisa na nyama. Na aleji hii ikishaingia haitoki, unaishi nayo, na inaweza kuja kukusumbua hata kwa daktari wa meno kwasababu dawa za kuziba meno zina ndugu zake. Ulaya toka 2020 waliweka sheria bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe za mafundi tu, mtu wa kawaida asijipake nyumbani. Na Septemba 2025 wakapiga marufuku kabisa TPO, ile inayosaidia jeli kukauka kwenye taa. Mzigo uliokatazwa kwao hauyeyuki hewani, unatafuta soko kwingine, someni maboksi.

Vaeni glavu za nitrile, za lateksi jeli inapenya haraka. Barakoa inazuia vumbi tu, harufu ya likwidi haizuii, kwaiyo dirisha liwe wazi. Na kapateni chanjo ya homa ya ini B, ni dozi 3.

Ah alafu msiwabandikie wenzangu kucha ndefu jamani. Shirika la Afya Duniani limeshasema anayehudumia wagonjwa asivae kucha za bandia na zake zisizidi nusu sentimita. Kila Jumatatu matron anakagua vidole.

kucha_za_nyegezi

@nesi_wa_zamu ubarikiwe. Nikazie hapo pa ngozi. Mwanafunzi unajipaka mwenyewe mazoezi kila siku, unavua unapaka unavua unapaka, unafuta makosa kwa kidole. Ukishapata aleji mwezi wa pili kazi imekwisha kabla hujaanza, na ada imeenda. Tumieni mkono wa plastiki, zile tipu za mazoezi zinauzwa pakiti. Wanesi wangu nawafanyia kusafisha na kung'arisha tu kwa bafa (msasa laini sana), fupi, na miguuni ndo wanajiachia.

Rock_City_Trainer

Mimi natofautiana na mleta uzi na nafundisha kazi hii hapa mjini. Unawaambia watu michoro sio muhimu, wakati mteja wa leo anakuja na screenshot. Hakuulizi umeandaaje kucha, anakuonyesha picha anasema nataka hii. Mwanafunzi asiyejua kuchora anakosa mteja mlangoni kabisa. Mimi wangu nawafundisha miezi mitatu, michoro wanaanza mapema kwasababu ndiyo inayowapa moyo wa kuendelea. Ukimwanzishia mtoto wa watu kukwangua ngozi wiki nzima anakimbia.

kucha_za_nyegezi

@Rock_City_Trainer heshima yako mwalimu. Miezi mitatu ni muda mzuri na sina ugomvi nao. Ila anayekimbia kwasababu ya kukwangua ngozi si afadhali akimbie mapema, kwa mteja atakwangua vidole kumi, mara wateja watano, kila siku ya Mungu. Screenshot inamleta mteja siku ya kwanza, kweli kabisa. Mi naongelea siku anayorudi. Hapa Nyegezi mteja akirudi anarudi na watatu wa chumba kimoja, na akikasirika anaondoka na hosteli nzima.

Rock_City_Trainer

Hapo kwenye hosteli nzima nakubali haha. Ila niwekee na hili, wengi wanaokuja kwangu waliharibiwa na mashine. Wanajifunza kwa drili kabla hawajajua msasa wa mkono. Mashine inazunguka mara maelfu kwa dakika, ukiikita sehemu moja kucha inachomeka, mteja anaruka, na unamwachia pete nyekundu kwenye kucha. Kwangu mwezi wa kwanza mashine hawaigusi.

kucha_za_nyegezi

Hiyo pete nyekundu iandikwe kwa herufi kubwa. Ukiiona kwenye vidole vya wateja wa fundi unayetaka akufundishe, tafuta mwingine.

dalali_wa_fremu

Twendeni kwenye hela sasa. Mtaji. Fremu kwa Nyegezi na Mkolani nnazo, za mjini kati nnazo. Mtu anahitaji nini kuanza?

kucha_za_nyegezi

Dalali tulia kwanza, anayetoka kujifunza asikimbilie fremu. Atapangaje fremu ya miezi sita wakati wateja wake wote ni shangazi na mdogo wake? Tafuta saluni ya nywele yenye watu, omba kona, meza moja na viti viwili. Wengine mnagawana nusu kwa nusu, wengine unalipia kiti kwa mwezi. Kama wateja ni wao na vifaa ni vyao, nusu kwa nusu ni haki. Kama vifaa ni vyako alafu bado anataka nusu, piga hesabu vizuri, mi bei zangu rangi ya jeli tupu elfu 10, tipu na jeli elfu 20, akriliki inaanzia 35, toa asetoni, pamba, msasa, glavu, jeli yenyewe, alafu mpe mtu nusu ya kabla ya gharama, unabaki unamfanyia kazi yeye.

Vifaa usinunue boksi zima la rangi sitini, nusu zitakauka hujazifungua. Nunua nyekundu, nyeupe, nyeusi, maziwa, pinki mbili na kahawia. Hela weka kwenye besi nzuri, topu nzuri, na taa. Taa ndo watu wanapigwa sana, imeandikwa wati nyingi ubavuni ukiingiza mkono jeli nje inaonekana imekauka ndani bado mbichi, na hiyo mbichi ndo inayoleta ile aleji ya nesi. Chukua inayochajiwa, mnaujua umeme wetu. Mteja kakalia kiti, mkono mmoja umeisha mwingine bado, giza, utamwambia nini.

Na umeme ukikatika usiwashe mshumaa mezani penye asetoni. Inashika moto kwa mvuke tu, hata haijagusana.

Mkopo upo ule wa halmashauri wa asilimia 10, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, hauna riba. Shida yake mnataka muwe kikundi kilichosajiliwa. Ukiwa Nyegezi, Buhongwa au Igoma unaenda Jiji, ukiwa Kirumba au Pasiansi wewe ni wa Ilemela, anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha watu wa kucha watupu naona kigumu, changanyikeni na wasusi na mafundi cherehani.

binti_wa_sengerema

Nisaidie kuwapa moyo wa nje ya mji. Niko Sengerema, sijaenda chuo, nilikaa kwa dada yangu Mabatini nikajifunza kwake kisha nikarudi nyumbani. Mjini mnagombania wateja, huku msimu wa harusi nakosa pa kukimbilia, bi harusi, mama yake, wasimamizi, mashangazi wote. Nilikuwa nanunua vifaa kwa kuagiza maana kuvuka kwa kivuko pale Kigongo ilikuwa siku imeisha, tangu daraja lifunguliwe 2025 naenda Mwanza asubuhi mchana niko na mteja. Tatizo sasa wateja nao wanavuka kuja kwenu wanatafuta bei.

Swali, nina ujuzi ila sina cheti, mtu wa hoteli moja ananiambia hawezi kuniajiri bila cheti. Nianze chuo upya?

kucha_za_nyegezi

Usianze upya. VETA wana utaratibu wa kuwatambua waliojifunza kazi mtaani, unapeleka maombi, wanakupima kwa vitendo unafanya kazi wanakuona, palipo na pengo wanakujazia, kisha unapewa cheti. Mafundi magari na wapishi wanaitumia sana. Uliza Nyakato kama kwa fani ya urembo wanapokea, na lini.

hina_na_udi

Assalam aleykum. Mbona hamjaongelea sisi wa hina? Wateja wa Kiislamu wengi hawakai na rangi wala kucha za kubandika kwasababu ya udhu, maji hayafiki kwenye kucha. Wanabandika siku za hedhi wanatoa zikiisha, au shughuli ya usiku mmoja. Mimi nina wateja mjini hapa, Ramadhani ikikaribia kuisha nakesha. Binti akijua kucha tu bila hina anaacha hela nyingi Iddi mbili kila mwaka. Na nyie mnaochanganya piko na rangi za nywele mkome, zile zinaunguza watu mikono wanabaki na makovu ya maua.

kucha_za_nyegezi

Waaleykum salaam. Nimekuelewa dada, na hao wa hedhi nawapata, wanataka ya kubandika ya muda na itoke bila kuharibu, ndo pale niliposema kuondoa ni nusu ya kazi. Hina mimi siijui, nikiulizwa naelekeza kwingine.

mzee_wa_mwaloni

Wakuu mke wangu anaparua sangara hapa Mwaloni Kirumba kutwa mikono ndani ya maji. Wiki ile kabandika za harusi ya mdogo wake, sasa moja imekuwa ya kijani chini. Majirani wanasema kalogwa kwenye harusi. Wengine wanasema fangasi. Nimpeleke wapi?

nesi_wa_zamu

Hajalogwa mkuu. Ile ya kijani mara nyingi ni bakteria, Pseudomonas, anapenda pale penye maji yaliyonasa kati ya kucha ya bandia na ya asili. Imenyanyuka kidogo, maji yakaingia, hayatoki. Itolewe, pakaushwe, abaki wazi bila kubandika. Kama kuna maumivu, usaha au uvimbe aende kituo cha afya. Asifunike tena na nyingine juu ili isionekane, ndo kosa la wengi.

kucha_za_nyegezi

Na fundi aliyesoma akiona kijani haendelei, anatoa, anamwambia ukweli, anamrudishia hela ya siku hiyo. Mzee, shemeji kwa kazi hiyo ya maji asibandike ndefu, afanye fupi ya jeli tu, au rangi ya kawaida siku ya shughuli. Na aliyembandikia kama alitumia ile supa glu ya viatu hapo ndo penyewe, inakauka ngumu inapasuka, maji yanapata njia.

mzee_wa_mwaloni

Asante. Mama mkwe alishaanza kutafuta mganga.

Ngosha_Igoma

Narudi tena. Mwanaume anaweza? Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu.

kucha_za_nyegezi

Haha rafiki yako aje. Wale wa vikapu Makoroboi uliowacheka ni kina nani kama sio wanaume? Wadada wengi wanawaamini kwasababu hawapigi stori za watu. Mwambie tu awe msafi, akate kucha zake mwenyewe kwanza.

najifunza_pasiansi

Dada naomba swali la haraka kabla sijaharibu. Fundi anayenifundisha kanituma dukani, nimepata likwidi ya akriliki bei chee sana, chupa ya plastiki kubwa haina jina wala lebo, muuzaji anasema ni ile ile ya saluni za Kampala. Harufu yake inatoa machozi. Nimeifungua nikajaribu kwenye tipu, imekuwa ngumu balaa, nimeiweka kwenye asetoni tangu saa nane mpaka saivi haijalainika. Ndo nzuri hiyo?

kucha_za_nyegezi

Ifunge. Hiyo kila dalili ni MMA, likwidi isiyofaa kwa kucha. Ya kufanyia kucha ni EMA, inalainika kwenye asetoni kama nilivyosema nusu saa hivi. MMA ni bei rahisi kwa sababu inatumika kutengenezea plastiki, ikishakaa kwenye kucha haitoki bila kusagwa, na mteja akijigonga mlangoni haivunjiki yenyewe, inang'oka na kucha yake. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa ilishawapeleka mahakamani wauzaji wa MMA tupu ya kucha toka miaka ya 1970. Vipodozi kwetu saivi viko chini ya TBS, shirika la viwango, chupa isiyo na jina wala lebo usiiweke mezani kwako.

Rudisha dukani leo hii. Akikataa kukurudishia hela, mwonyeshe hiyo tipu iliyolala kwenye asetoni, mbele ya wateja wake. Na fundi wako mwambie nini kimetokea umsikilize atajibuje, akisema tumia tu haina shida, hiyo ada iliyobaki usimmalizie.

najifunza_pasiansi

Sawa dada. Nimeshapanda daladala.